Nyumba Juu ya Mafunjo

Alanyo alitema mate, akatema tena, lakini ladha ya uozo haikumtoka mdomoni. Mahali alipokuwa ameacha vifaa vyake miezi miwili iliyopita palikuwa pamefukiwa kwa udongo mwekundu. Chini ya udongo zilichungulia takataka: matumbo ya kuku, nepi, godoro lililooza. Maji meusi yalichuruzika pembeni yakitoa mapovu.

Kwa miaka alikuwa akiingia kwenye kinamasi hiki kilicho chini ya kilima cha Kasubi, matope yakimfika mapajani, akipima hewa inayotoka humo. Wanasayansi wa dunia, waliozoea kuhesabu kaboni ya misitu na bahari, siku hizi wamegeukia vinamasi vya mafunjo. Matope yake yameficha kaboni ya karne nyingi. Yakivurugwa na kukaushwa, kaboni hiyo hurudi hewani.

Na sasa kuta za matofali zilikuwa zimesimama juu ya matope hayo.

"Nani anajenga hapa?" alimuuliza Dawudi, mlinzi wa ujenzi huo.

"Bosi. Mtu mzuri sana, madamu. Akija analeta chai, mpaka mafundi wote wanakunywa."

"Mtu mzuri hajengi juu ya uchafu kama huu."

"Tena anataka madirisha makubwa upande huu wa mafunjo. Eti mtu akiamka ayaone."

Alanyo aliyageukia mafunjo. Ni sawa na kumuua mnyama, kisha ukae dirishani kumtazama!

Jioni hakuweza kula. Mama yake, Rosalba, polisi aliyestaafu mwaka jana, alimsogezea bakuli la malakwang, mboga chachu za majani zilizoungwa kwa karanga.

"Kula, mwanangu."

"Siwezi, mama. Bado nanuka. Watu wanachukiza."

"Watu gani tena?"

"Acha tu. Mambo ya kazi."

Rosalba alimtazama kwa huruma. "Unakwenda mbali mno kila siku. Ndiyo maana unachoka."

Asubuhi Alanyo alipeleka picha na vipimo vyake kwa maafisa wa mazingira. Afisa aliyempokea alipiga miayo, akasema kesi za namna hiyo ni nyingi. Alanyo hakuondoka. Alirudi kesho yake, na siku iliyofuata, mpaka afisa akachoka kumwona.

"Haya, tutavunja."

"Mvunje mpaka msingi," alisema Alanyo.

Tingatinga lilifika Alhamisi pamoja na polisi. Alanyo alisimama kati ya watazamaji, mikono kifuani. Ukuta wa kwanza ulipoanguka, harufu ya uozo ilifumuka kutoka chini, watu wakaziba pua. Yeye hakuziba. Alifurahi, furaha chungu kama nyongo.

Dawudi alimsogelea. "Bosi amefika," alinong'ona. "Yule pale."

Kando ya kifusi mtu mmoja alikuwa amepiga magoti, amewapa mgongo, amekumbatia fremu ya dirisha kama anayekumbatia maiti. Alanyo alipenya katikati ya watu. Maneno alikuwa nayo tayari; aliyalea kwa siku nyingi, na alitaka kuyatema usoni mwa mtu huyo.

"Wewe!" alifoka. "Hebu geuka nikuone!"

Mtu yule aligeuka, uso umejaa vumbi na machozi.

"Alanyo?" alisema Rosalba. "Nani amekuambia, mwanangu? Nilitaka uione nyumba yako ikiwa imekwisha."