Sauti Iliyobaki Shambani

Mama Tunu alimwambia jirani yake Siwema kwamba mwenye duka la video alifunga duka na kumpa Mzee Kibwana gunia zima la diski, azitundike shambani kufukuza ndege. Siwema hakuamini mpaka alipozikuta zimening'inia juu ya mpunga, zinazunguka juani. Alizigeuza moja moja hadi mkono ukachoka. Karibu na mwisho wa kamba akakuta moja yenye mwandiko wa marehemu mumewe.

"Naomba hii, baba," alimwambia Mzee Kibwana aliyekuwa akipalilia karibu.

"Imechubuka hiyo, mwanangu, haichezi tena. Na filamu siku hizi zote ziko kwenye simu. Unabonyeza tu."

"Nilibonyeza. Wanaongea lugha yao wenyewe. Mume wangu hayumo."

"Kwani mumeo alikuwa mwigizaji?"

"Alikuwa anatafsiri. Sauti zote za Kiswahili ni yeye, mpaka za wanawake."

Mzee Kibwana akacheka huku akiifungua ile diski. "Shomari! Yule aliyekuwa akimwita kila jambazi mkwe wake?" Akabana pua, akayavuta maneno kama Shomari alivyokuwa akiyavuta: "Mkwe, weka bunduki chini, ubwabwa unapoa!"

Ilikuwa sauti ya Shomari hasa, hata ule mkwaruzo wa kooni. Siwema akaipokea diski, akaketi chini ukingoni mwa shamba, diski mapajani.

"Baba," alisema, "sema tena."

Mzee alikuwa ameacha kucheka. Alisimama na kipande cha kamba kilichofunga ile diski mkononi, macho kwenye mpunga, kisha akabana pua tena.