Jicho la Pili

Mchana ule wanaume wa mtaa walikuwa wakiua kila mbwa mwenye macho machafu, wakisema ana kichaa. Kwa jirani, kilio cha mbwa kilikatika ghafla. Bi Mgeni akachovya pamba kwenye maji ya chumvi ya vuguvugu, akamfuta mbwa wake, Kidagaa, jicho la kwanza taratibu, kutoka puani kwenda nje, mpaka matongotongo yakaisha.

Mlango ukafunguliwa kwa teke. Kombo, mmoja wa wale wanaume, aliingia na rungu linalochuruzika damu.

“Mlete, mama.”

“Nimebakiza jicho moja, mwanangu. Mshike kichwa asitikisike.”

“Mimi ndiye yaya wa mbwa?”

“Ukimuua hivi, utasema alikuwa na kichaa. Mshike, umwone kwanza.”

Kombo alilaza rungu sakafuni, akamshika. Bi Mgeni alichukua pamba mpya, akafuta. Jicho likafunguka, jeusi, linang’aa. Kidagaa akageuza kichwa, akaanza kulamba damu kwenye vidole vya Kombo, kimoja baada ya kingine.

“Kombo!” wenzake wakaita kutoka nje. “Bado tu?”

Rungu lilikuwa miguuni pa Kombo, na ule ulimi mdogo, wenye joto, ulikuwa umefika kwenye kidole gumba.