Unga Juu ya Kisanduku

Mtaani kwetu umeme hurushwa kwa leza, dirisha hadi dirisha. Kisanduku kinachoiendesha leza yetu hupata moto pale tu jirani anapovuta umeme, nami huweka unga wa maandazi juu yake uumuke. Jirani yetu ni Bi Mwanahamisi, anayeishi peke yake ng'ambo ya barabara. Huchemsha chai alfajiri, kwa hiyo maandazi yangu hayachelewi.

Leo unga haukuumuka.

"Hamira hiyo imekufa," mume wangu Shaweji akasema.

Nikakanda mwingine kwa hamira mpya. Tukangoja mpaka jua likapanda. Ndipo nikakigusa kisanduku. Kilikuwa baridi kama sakafu.

"Shaweji, vaa viatu," nikamwambia. "Bi Mwanahamisi hajachemsha chai."