Futa Kwangu

Kundi la mafundi cherehani kwenye simu lilikuwa likichambana tangu asubuhi, na yeye, msimamizi, hakuna aliyemsikiliza. Mama Pacha akaandika mstari mmoja tu, wote wakanywea.

"Wewe ndiye wetu, dada!" mmoja akamjibu Mama Pacha.

Msimamizi akaona wivu. Huku akimnyonyesha mtoto, akamwandikia mdogo wake kwa kidole gumba: "Huyo anajipendekeza tu. Hata pindo hajui kukunja!"

Lo! Ujumbe ukatua kundini.

Akakimbilia kuufuta. Mtoto akamng'ata, kidole kikaangukia "Futa kwangu" badala ya "Futa kwa wote." Ukatoweka kwenye simu yake peke yake.

Juu ya skrini pakatokea: "Mama Pacha anaandika…"

Kidole kikatafuta jina la Mama Pacha, kikasimama kwenye "Ondoa kundini." Akabonyeza.