Tumbo la Mwenyekiti

"Usipumue kwa tumbo," Ukasha alisema, brashi ya rangi menoni. "Wafalme walipumulia puani tu."

Haruni akabana pumzi. Alikuwa juu ya kiti, kiti juu ya meza, zulia la sebuleni begani badala ya joho la manyoya, jasho likimchuruzika hadi kisiginoni. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika glavu za kushikwa tu, si za kuvaliwa. Uani pale Kilindoni hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kanga kambani.

Ukasha, mchoraji wa mabango ya saluni, alikuwa ameshinda na simu akitazama picha za watawala wa Ulaya wa miaka mia tano nyuma. Siri yao kaipata: anayetazama awe chini, mtawala awe juu, na asicheke hata akitekenywa.

"Nyuma nimeweka dirisha. Kisiwa cha Chole kile, cha Jibondo kile, na mnara wa taa wa Bweni."

"Bweni si kijiji chetu."

"Mtawala hachorewi mipaka."

Miguuni palitakiwa mbwa, kama kwenye picha zile. Ukasha akachora paka. Mbwa angeleta maneno msikitini.

Haruni alivumilia. Uchaguzi wa kijiji ulikuwa Jumapili, na picha ilitakiwa itangulie mkutanoni. Kiti kikiponyoka, ulaji nao umeponyoka, na nyumbani kwake watarudi kwenye mhogo mkavu.

Mkewe, Mwanasiti, alipita na ndoo, akasimama. "Baba Nasma, ukimaliza kutawala, mbuzi wamekata kamba."

Haruni hakugeuza shingo.

"Makubwa. Leo chakula nikuletee kwa magoti?" Akachungulia mchoro. "Mbona hana uso?"

"Uso mwishoni, shemeji. Watu hawaogopi uso, wanaogopa tumbo."

Mwanasiti akalitazama tumbo la kwenye picha, akalitazama la mumewe. "Hapo umemtendea haki."

Nje bodaboda ikasimama. Akaingia bwana mmoja mwembamba kama ufito, suti imemzidi mabega, mkononi ana picha ndogo ya pasipoti.

Haruni akaporomoka kutoka mezani, zulia likiburutika nyuma yake. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba." Yule bwana akauzunguka ule mchoro, akatabasamu, akamkabidhi Ukasha ile picha ya pasipoti. "Nimependeza. Kichwa kiweke hapo juu. Na wewe Haruni, rudi getini kwangu ukalinde."