Sanduku Lisilotaka Kusafishwa

Niliinua gome la mti ndani ya sanduku la kioo, nikakuta mifupa ya chura wangu. Ilikuwa myeupe, myembamba kama sindano, haina hata chembe ya nyama.

Sanduku hilo tulilitengeneza mimi na baba kabla sijaenda shule ya bweni. Tulitandika changarawe, mkaa, udongo, kisha majani makavu. Mwisho tukamwaga kopo zima la vidudu weupe, wadogo kama chembe za chumvi, wanaokula kinyesi na chochote kilichokufa.

"Hawa ndio wafagiaji wetu," baba alisema siku ile. "Hutasikia harufu kamwe."

Kweli, hata sasa palinukia udongo wa mvua tu.

"Alikufa lini?" nikamuuliza baba.

"Mwezi uliopita. Una mitihani, mwanangu. Sikutaka kukuvuruga akili."

Kila Jumapili aliniambia kwenye simu maneno yaleyale: "Chura mzima, bibi yako mzima, wote wanakusalimu." Nami, mjinga wa mwisho, nilijibu, "Wasalimie."

Nikarudishia gome taratibu. Nilikuwa nimepewa ruhusa ya siku mbili, na asubuhi ile, kabla hata sijatua begi, baba alininong'oneza kwamba bibi amelala, nisimwamshe.

Nikautazama mlango wa bibi. Kandambili zake, anazoziacha hapo kila alalapo, hazikuwapo.

Niliposhika kitasa, baba alikuja haraka, akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Mwanangu," akasema, "umebakiza mitihani miwili tu."