Arobaini Mbele ya Lango

Mkaguzi wa Bodi ya Michezo alihesabu vichwa kwenye kioo cha kompyuta kwa ncha ya kalamu, kimoja kimoja, kisha akasema ni arobaini na vyote vitolewe.

"Hao ni vikatuni, mzee," alisema Chokochoko.

"Vikatuni arobaini mbele ya lango la serikali ni mkusanyiko. Toa."

Chokochoko, jina alilobandikwa shuleni na ambalo hakuwahi kulikana, alitengeneza michezo ya video na binamu yake kwenye chumba kimoja, juu ya mafundi cherehani. Miaka mitatu walikuwa wameimalizia kwenye mchezo huu: mchezaji anabeba barua ya malalamiko, anavuka mito na vizuizi, mpaka aikabidhi langoni kwa mkubwa. Ungechezwa kwenye simu, mtandaoni, kila mchezaji akiwaona wenzake njiani. Kodi mpya ilikwishawatimua wafadhili. Wakikosa na kibali cha Bodi, basi, wangebaki kuuza viti.

Akawafuta wale arobaini. Binamu akanuna.

Wiki iliyofuata mkaguzi akarudi, akaketi, akacheza mpaka mwisho, tena kwa bidii. Akakuta barua inapokelewa. Hilo nalo likamkera: raia kumfikia mkubwa kirahisi namna ile kungewatia watu tamaa. Akataka lango lifungwe.

"Lifungwe kabisa?"

"Kabisa. Asipite mtu."

"Na njia ya kufika langoni?"

"Iache. Njia nzuri ni sifa ya serikali."

Chokochoko akamwomba ayaweke hayo kwenye maandishi. Mkaguzi akaandika, akagonga muhuri. Chokochoko akaisoma karatasi mara mbili, akamshukuru, akamsindikiza hadi chini ya ngazi kama mkwe.

Aliporudi alimkuta binamu amevua miwani, ishara mbaya.

"Dada, leo umefyata mkia. Mchezo usiokwisha atacheza nani?"

"Mkono usioweza kuukata, ubusu," alisema, akivuta kiti. "Wewe funga lango. Kingine usiguse, hata jiwe."

Binamu akafunga, huku akisonya kila baada ya mstari.

Kibali kilitoka Ijumaa, mchezo ukatoka Jumamosi. Jumatatu asubuhi mkaguzi alipanda ngazi mbili mbili, tai imemwendea begani, hata salamu hakuwa nayo. Alichoweza kusema ni kwamba wakubwa wake wameona, na anataka kujua ni nani aliyewarudisha wale watu.

Chokochoko akaitandaza mezani ile karatasi yenye muhuri, akaipapasa mikunjo, kisha taratibu akamgeuzia kioo.

"Hajapita hata mmoja, mzee. Kama ulivyoagiza."

Mbele ya lango walikuwa wamesimama elfu sitini, barua mikononi, na nyuma ya kila kikatuni palikuwa na mtu wa kweli, kwake, aliyekataa kuzima simu.